Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za England: msiba wa baba mkubwa si matembezi

Kwa: Waheshimiwa Wakuu wa Shule za serikali, England
Kwa: Maofisa wa Mahudhurio wa halmashauri
Nakala: Wenyeviti wa bodi za shule, wazazi na walezi wote wazungumzao Kiswahili

YAH: RUHUSA ZA WATOTO KUSAFIRI WAKATI WA MUHULA, NA FAINI ZINAZOFUATA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaoandika ni wazazi na walezi wa watoto wanaosoma katika shule zenu, pamoja na wale wanaotusaidia kusoma barua zenu na kujaza fomu zenu. Barua hii imeandikwa kwa Kiswahili kwa makusudi. Ya Kiingereza mlishaipata: tumetuma barua pepe, tumejaza fomu za malalamiko hatua ya kwanza na ya pili, tumekaa kwenye vikao na wasaidizi wenu. Jibu limekuwa moja, kwamba ndiyo sera ya shule. Sasa tunasema hadharani, na kwa lugha ambayo kila mzazi anayeguswa ataisoma mwenyewe bila kumtegemea mtoto wake amtafsirie.

Tuanze na yale tunayokubaliana nayo, maana hatukuja kuomba sheria ifutwe. Tunajua kuwa tangu Septemba 2013 mwalimu mkuu hana tena zile siku 10 za likizo ya familia ambazo kanuni za awali zilimruhusu kuzitoa. Tunajua kesi ya Jon Platt, aliyempeleka bintiye Florida mwezi Aprili 2015 na kumkosesha siku 7 za shule. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahudhurio ya kawaida ni yale yanayofuata kanuni za shule, hata kama mtoto anahudhuria siku nyingine zote. Tunajua pia viwango vya faini vilivyoanza Agosti 2024 England nzima: pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, pauni 160 ikilipwa kati ya siku ya 22 na ya 28. Mara ya pili ndani ya miaka 3, kwa mtoto yuleyule, ni pauni 160 moja kwa moja bila nafuu. Mara ya tatu hakuna notisi ya faini tena. Halmashauri inaweza kwenda mahakamani, na huko hukumu inaweza kufika pauni 2,500 na hata kifungo cha hadi miezi 3.

Baba, mama na watoto watatu: notisi 6. Hiyo ni pauni 480 wakiwahi, pauni 960 wakichelewa. Kwa familia ambayo baba ni dereva wa usiku na mama anahudumia wazee kwenye nyumba za malezi, hapo maji yamezidi unga.

Anayemtoa mtoto shuleni ili akaogelee Nungwi kwa kuwa tiketi ya Juni ni nafuu kuliko ya Agosti, anajua alichochagua na alipe. Hatumtetei. Malalamiko yetu ni kwamba shule nyingi zimeacha kutofautisha safari hiyo na safari nyingine, na matokeo yake ni haya yafuatayo.

1. Kila ombi linasomwa kama la matembezi.

Fomu yenyewe mara nyingi inaitwa fomu ya kuomba likizo. Mzazi anayeandika "bibi mzaa baba yuko mahututi Tanga" anajaza karatasi ileile ya anayekwenda kupumzika Hispania, na anarudishiwa sentensi ileile: shule haitoi ruhusa ya likizo wakati wa muhula. Mwongozo wa Wizara ya Elimu mnaotakiwa kuufuata hausemi hivyo. Unasema starehe na mapumziko havihesabiwi kuwa hali ya kipekee. Hilo ni kweli. Lakini unasema pia kwamba kila ombi lipimwe peke yake kwa mazingira yake, na kwamba kutoa ruhusa na idadi ya siku ni uamuzi wa mwalimu mkuu. Sera inayosema hapana kabla ombi halijafunguliwa inaukiuka mwongozo huo.

Tuongeze jambo moja ambalo wengi hapa hawalioni. Kuna bibi na babu ambao wangekuja wenyewe kuwaona wajukuu, lakini viza ikakataliwa. Viza ya bibi ikikataliwa, njia iliyobaki ni mtoto kumfuata.

2. Msiba hausubiri ofisi ifunguliwe.

Hapa ndipo penye uchungu mwingi, mtuwie radhi tukikaa kidogo.

Simu inaingia saa nane usiku wa kuamkia Jumanne. Mama mzazi wa baba wa nyumba amefariki Chake Chake. Kama ni familia ya Kiislamu, maziko ni siku hiyohiyo, na watu wa England hawatayawahi. Wanachokimbilia ni matanga, khitma, na kukaa na wafiwa. Kama ni familia ya Kikristo ya Moshi au ya Kisumu, maiti iko mochwari na ukoo mzima umesimama kuwasubiri wao. Kwa vyovyote vile, saa kumi usiku mtu anatafuta viti kwenye simu, na saa nne asubuhi wako njiani kuelekea uwanja wa ndege. Ofisi ya shule imefunguliwa saa mbili. Ujumbe ulioandikwa usiku ule umekaa kwenye sanduku la barua pepe, na mwenye mamlaka ya kujibu yuko kwenye mkutano hadi mchana.

Wengi wetu huunganisha ndege Doha, Dubai, Addis Ababa au Istanbul. Aliyeondoka Heathrow Jumanne jioni anafika Dar es Salaam Jumatano mchana, na Pemba Alhamisi, kwa boti ya kupitia Unguja au kwa ndege ndogo. Shule ikitoa siku mbili kwa ajili ya mazishi, siku hizo zimekwisha kabla mtoto hajaliona kaburi. Kurudi kunakula siku nyingine mbili. Anayekwenda Kigoma au Bukoba aongeze zaidi. Msiba wa Birmingham unaweza kumalizika kwa siku moja. Wa kwetu hauwezi, na sababu ni umbali. Hakuna aliyependa iwe hivyo.

Kisha linakuja suala la rejista. Siku ya kwanza mtoto anaandikwa N, yaani sababu haijajulikana. Alama hiyo inatakiwa irekebishwe ndani ya siku 5 za shule. Badala ya kuwekwa C, yaani ruhusa kwa hali ya kipekee, anawekwa O, yaani kutokuwepo bila ruhusa, au mbaya zaidi G, ambayo ni alama ya likizo isiyo na ruhusa. Mtoto aliyekwenda kumzika bibi yake anabaki kwenye kumbukumbu za serikali kama aliyekwenda kustarehe. Tunapouliza, tunaambiwa ombi lilipaswa kuletwa mapema. Ujumbe wa saa tisa usiku, uliotumwa na mzazi anayeishi na mtoto, umetangulia rejista ya asubuhi. Huo ni mapema.

3. Baba mkubwa anageuzwa kuwa "mjomba wa mbali".

Fomu nyingi zinaorodhesha jamaa wa karibu: mzazi, ndugu wa kuzaliwa, babu na bibi. Kaka mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyemlea baba, akamsomesha na kumwozesha, hayumo. Kwetu huyo ni baba. Ndivyo mtoto anavyomwita na ndivyo anavyolelewa kumheshimu. Mama mdogo aliyemnyonyesha mtoto wakati mama yuko kazini hayumo. Akina sisi tunalazimika kuchagua kati ya kuandika "mjomba" na kunyimwa, au kuandika "babu" na kuonekana waongo pale jina la marehemu lisipolingana na la mtoto. Na halitalingana: watoto wetu wengi hubeba jina la babu yao kama jina la mwisho, na kaka wa baba aliyezaliwa na baba tofauti au aliyejiandikisha vingine atakuwa na jina jingine kabisa.

Sheria yenu wenyewe si finyu namna hiyo. Kifungu cha 576 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamhesabu kama mzazi mtu yeyote anayemlea mtoto, hata kama hakumzaa, na kwa kifungu hichohicho mama mdogo anayekaa na watoto anaweza kutumiwa notisi ya faini. Anayetosha kutozwa kama mzazi atoshe pia kuliliwa kama mzazi.

4. Ushahidi unaotakiwa haupatikani kwa wakati unaotakiwa.

Cheti cha kifo hakitoki siku ya kifo. Kinachopatikana kwanza Tanzania Bara ni kibali cha mazishi na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Cheti kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kinafuata baadaye. Zanzibar kuna barua ya sheha. Kenya, aliyefia nyumbani hutolewa kibali kupitia ofisi ya chifu. Karatasi hizi zina muhuri, tarehe na jina la aliyesaini, lakini tunaambiwa hazieleweki au si rasmi. Kwa mgonjwa mahututi hali ni ngumu zaidi, kwani hospitali nyingi haziandiki barua ya kumpelekea mwalimu wa nchi nyingine.

5. Homa baada ya safari inahesabiwa kama kuongeza likizo.

Mtoto amerudi Jumapili, Jumatano anatetemeka. Aliyetoka kwenye mbu akipata homa, hospitali ni siku hiyohiyo na kipimo cha malaria ni siku hiyohiyo, kusubiri kunaua. Alama ya siku hizo ni I, ugonjwa. Tumeona zikiandikwa G kwa hoja kwamba "wametoka safari". Mwongozo unasema shule isidai ushahidi wa daktari kama kawaida kwa kila ugonjwa. Mkiwa na shaka ombeni karatasi ya kipimo, tutawapa.

6. Notisi inaangukia nyuma ya mlango wakati mwenyewe yuko Tabora.

Familia inaondoka siku 5 kabla ya shule kufungwa Julai, inakaa likizo yote ya kiangazi, inarudi mwisho wa Agosti. Siku 5 ni nusu siku 10, maana rejista huitwa asubuhi na mchana. Na nusu siku 10 zisizo na ruhusa ndani ya wiki 10 za shule ndicho kiwango cha kufikiriwa faini. Shule inapeleka taarifa wiki ya mwisho ya muhula, halmashauri inatuma kwa posta. Wanapofungua mlango, siku 21 zimepita, na 28 pia. Nafuu ya pauni 80 imekufa bila wao kujua kuwa ilikuwepo, na barua ya pili mezani inazungumzia mahakama. Rufaa dhidi ya notisi haipo kisheria, na halmashauri nyingi hazipokei malipo kwa mafungu.

Hesabu ya wiki 10 nayo haielezwi. Wazazi wanadhani siku lazima zifuatane. Hapana. Mtoto aliyepewa ruhusa ya siku 5 akakaa 8, ana nusu siku 6 zisizo na ruhusa; akichelewa mara 4 baada ya rejista kufungwa, kila mara akaandikwa U, zimetimia 10. Wiki hizo zinaweza kuvuka muhula na hata kuvuka mwaka wa masomo. Halmashauri inaweza pia kutoa notisi chini ya kiwango pale inapoona mzazi anapanga safari fupi fupi kukwepa hesabu. Mambo haya yapo kwenye nyaraka zenu. Kwenye barua wanazopata wazazi hayamo.

Kuna la kuogopesha zaidi: mtoto akikosekana siku 20 za shule mfululizo bila ruhusa, au asiporudi ndani ya siku 10 za shule baada ya ruhusa kuisha, na juhudi za shule na halmashauri za kumtafuta zikashindikana, jina lake linaweza kufutwa kwenye orodha ya shule. Wazazi wengi wanalijua hilo siku wanapomrudisha mtoto na kukuta nafasi ina mwingine.

7. Barua zote ni za Kiingereza tupu. Hili halihitaji maelezo marefu.

Sasa majibu yenu, ambayo tunayajua kwa kuwa tumeshapewa.

Mtasema mkiruhusu mmoja wataomba wote. Hoja ya samaki mmoja akioza haifai hapa. Mnachotakiwa kufanya ni kumpima kila mmoja, na atakayeomba kwa ajili ya matembezi mtamkatalia kwa sababu mtakayoiandika.

Mtasema mnabanwa na takwimu, kwa kuwa rejista zenu sasa zinasomwa na Wizara kila siku. Lakini aliyeandikwa C na aliyeandikwa G wote wawili wanahesabiwa kuwa hawapo. Kumnyima mfiwa ruhusa hakupandishi mahudhurio ya shule hata kwa nukta moja. Kinachobadilika ni kwamba familia inatozwa.

Mtasema tusafiri wakati wa likizo. Kwa matembezi, sawa, na ndivyo wengi wetu tunavyofanya, tukilipa nauli ya mtu mzima kwa kila mtoto aliyefikisha miaka 12. Lakini hata hilo mnalifanya liwe gumu. Shule nyingine, hasa zinazojipangia tarehe zenyewe, hufunga siku tofauti na shule ya jirani, na familia yenye mmoja wa msingi na mmoja wa sekondari inabaki na wiki pungufu. Siku 5 za mafunzo ya walimu hutangazwa wakati tiketi zimeshakatwa.

Mtasema masomo ya mtoto ndiyo ya kwanza. Tunakubali bila kusita; tulihama kwa ajili hiyo. Mwaka una siku 190 za shule, na anayekosa 19 tayari anaingia kwenye kundi la watoro wa kudumu. Ndiyo maana tunataka mazungumzo ya wazi kuhusu siku zipi, kuliko kukatazwa kwa jumla kunakowafanya watu waseme uongo.

Na uongo upo. Wapo wazazi wanaopiga simu kusema mtoto anaumwa, wakati shule ikiwapigia, simu inalia mlio wa ng'ambo. Mtoto anarudi na hina mikononi, anaulizwa darasani alikuwa wapi, anaangalia chini. Kumbebesha mtoto wa miaka 7 siri ya namna hiyo ni kumdhulumu, na tunawaambia wenzetu waziwazi waache.

Tunachoomba:

(a) Fomu mbili: moja ya likizo, nyingine ya dharura ya kifamilia, yenye nafasi ya kuandika umbali, njia ya safari na tarehe ya tiketi ya kurudi.

(b) Barua pepe moja na namba moja ya ujumbe wa sauti inayopokea maombi ya msiba saa zote, na kanuni iliyoandikwa kwamba ujumbe uliofika kabla ya rejista ni ombi halali. Jibu litoke siku hiyohiyo. Kwa maombi mengine, jibu ndani ya siku 5 za shule.

(c) Ruhusa ya msiba nje ya nchi ihesabu siku za njiani. Tunapendekeza siku 5 za shule kama mwanzo wa mazungumzo kwa Afrika Mashariki, na uamuzi ubaki kwenu. Wales, jirani zenu, mwalimu mkuu bado anaweza kutoa hadi siku 10, na shule zao hazijaporomoka.

(d) Ukaribu wa marehemu upimwe kwa malezi, na mzazi aulizwe swali moja rahisi: huyu alikuwa nani kwa mtoto?

(e) Kibali cha mazishi, barua ya sheha, ya serikali ya mtaa au ya chifu vipokelewe vikiwa na tafsiri fupi ya mzazi, cheti kifuate baadaye.

(f) Kila kukataliwa kuje kwa maandishi, na sababu inayohusu ombi hilohilo.

(g) Halmashauri, kwa safari zinazoungana na likizo ya kiangazi, isubiri shule zifunguliwe Septemba ndipo itume notisi, na itume kwa barua pepe pia. Notisi iende kwa mzazi aliyeruhusu mtoto akosekane. Aliyebaki kazini England bila kushirikishwa asitozwe.

(h) Tarehe za mihula, pamoja na siku za mafunzo ya walimu, zitangazwe miezi 12 mapema na zilingane baina ya shule za eneo moja.

(i) Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza nusu siku 10, wiki 10, siku 21, siku 28 na miaka 3. Tuko tayari kuutafsiri bure.

Kwa upande wetu tunaahidi haya, na mtushike kwayo. Safari inayojulikana mapema tutaiombea wiki 4 kabla, tukiambatanisha tiketi ya kwenda na kurudi. Hatutaomba ruhusa ya hiari mwezi Mei kwa mtoto wa mwaka wa 6 anayekabili mitihani ya SATs, wala kwa wa mwaka wa 11 anayejiandaa na GCSE. Ndege ikiahirishwa, tutawaarifu siku hiyohiyo kwa kuwatumia taarifa ya shirika la ndege, ili mtoto asionekane amepotea. Tutaomba kazi za darasani kabla ya kuondoka na kuzirudisha zikiwa zimefanywa. Hatutasema mtoto anaumwa ilhali yuko kwenye ndege.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya likizo ya nusu muhula ya Oktoba, na kikao na bodi ya kila shule itakayokubali, kikiwa na mkalimani wa Kiswahili. Majibu yote, mazuri na mabaya, tutawasomea wazazi wenzetu kama yalivyoandikwa.

Wenu katika malezi ya watoto hawa,

Wazazi na walezi wazungumzao Kiswahili, England